Maji ya chumvi yamechemka kwenye 97, hesabu inasema 101.75: kosa liko wapi?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nafundisha kemia kidato cha tano hapa Arusha mjini. Tuliyeyusha gramu 100 za chumvi ya mezani katika lita moja ya maji, tukachemsha. Kwa fomula ya vitabuni tulipata kwamba mchemko ungepanda kwa digrii 1.75, yaani maji yachemke kwenye 101.75. Kipimajoto kikagoma kwenye 97. Tukaleta kipimajoto kingine, jibu lilelile. Sasa wanafunzi wanasema chumvi inashusha mchemko. Tumekosea wapi? Na je, njia hii inaweza kweli kutupatia masi ya moli ya kitu tusichokijua, kama maswali ya mtihani yanavyodai? Mmoja kauliza pia mbona shira ya kaimati hupita 110 wakati hesabu ya sukari haifiki huko.

Jibu: Salama, mwalimu. Mlifanya vema kubadilisha kipimajoto kabla ya kuilaumu fomula. Vipimajoto vyote viwili vimesema kweli, na hata ile 1.75 iko karibu sana na ukweli. Kosa ni moja: mmeijumlisha kwenye 100, na maji ya Arusha hayachemki kwenye 100.

Maji huchemka pale presha ya mvuke wake inapolingana na presha ya hewa iliyoyakalia. Ufukweni, Dar es Salaam au Mombasa, hewa hukandamiza kwa kilopaskali 101 hivi, na maji masafi huchemka kwenye 100 au karibu yake. Arusha mjini iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hapo presha ya hewa ni kilopaskali 85 na ushei, na maji masafi huchemka karibu na 95.4. Sasa jumlisheni upya: 95.4 na 1.75 ni 97.15. Nyinyi mmesoma 97. Kwa kipimajoto cha shule chenye mistari ya digrii moja moja, hapo mmegonga penyewe.

Wanafunzi wako wamefika kwenye hitimisho lao kwa sababu hawakuwa na kitu cha kulinganishia. Wachemshie maji matupu katika chombo kilekile, kwa kipimajoto kilekile, waone kinasimama kwenye 95 na nusu hivi. Kisha tieni chumvi. Wataona kinapanda.

Hili ndilo ninalotaka lishikwe kabla ya jingine lolote: fomula hii haitoi joto la mchemko. Inatoa tofauti kati ya mchemko wa kiyeyushi kitupu (kile kinachoyeyusha, kama maji) na mchemko wa myeyusho, vyote viwili vikiwa chini ya hewa ileile. Ernst Beckmann, mkemia Mjerumani aliyepima mambo haya mwishoni mwa karne ya 19, alitengeneza kipimajoto chenye mistari ya sehemu ya mia ya digrii, lakini ngazi yake nzima ilichukua digrii tano au sita tu. Kipimajoto hicho hakikuweza kumwambia mtu maji yana joto gani. Kilimwambia yamepanda kiasi gani tangu aliposoma mara ya kwanza, na kwa kazi hii hakuna kingine kinachohitajika.

Nusu digrii inatoka wapi

Fomula yenyewe ni fupi: ΔT = i × Kb × m. Herufi m ni molaliti, yaani moli za kiyeyushwa (kile kilichoyeyushwa, kama chumvi) kwa kila kilo moja ya kiyeyushi; moli ni kipimo cha kuhesabia chembe. Kb ni namba ya kila kiyeyushi, na ya maji ni 0.512. Herufi i ni idadi ya chembe ambazo kila kipimo kimoja cha kiyeyushwa huzaa kikiyeyuka. Wanafunzi wengi huimeza 0.512 kama dawa, hali inaweza kupatikana ubaoni kwa hesabu ya dakika tano. Ijaribu nao.

Kilo moja ya maji ina moli 55.5 za maji. Tia moli moja ya chembe zisizogeuka mvuke, tuseme sukari. Sasa kati ya moli 56.5 za chembe zilizomo, maji ni 55.5, yaani asilimia 98.2. Mfaransa François-Marie Raoult, aliyefanya utafiti wake Grenoble, alionyesha kwamba presha ya mvuke hushuka kwa uwiano huohuo. Kwenye digrii 100 mvuke uliokuwa na kilopaskali 101.3 unapungukiwa na asilimia 1.77, ambayo ni kilopaskali 1.8. Mvuke hauna tena nguvu ya kuisukuma hewa, mchemko unakatika. Ili kuirudisha ile 1.8 lazima joto liongezwe, na karibu na 100 kila digrii moja huongeza kilopaskali 3.6. Gawanya 1.8 kwa 3.6, unapata nusu digrii. Ile 0.512 ya vitabuni ni nusu digrii hiyohiyo, ikiwa imekokotolewa kwa myeyusho mwembamba sana.

Hapa niseme jambo ambalo huwachanganya wengi jikoni na darasani. Ukitupa chumvi katika maji ambayo tayari yanachemka, kwanza yanafoka. Wapo wanaodhani huko kufoka ndiko kupanda kwa mchemko. Sivyo. Punje za chumvi zinawapa viputo vya mvuke mahali pa kuanzia, vinatoka vingi kwa mkupuo, kisha mchemko unatulia kidogo hadi joto lipande.

Kb inategemea pia joto ambalo kiyeyushi kinachemkia: Kb = R × T² × M ÷ L. R ni 8.314, T ni mchemko wa kiyeyushi kwa kelvini (digrii za selsiasi ukijumlisha 273.15), M ni masi ya moli moja ya kiyeyushi kwa kilo, na kwa maji ni 0.018015, L ni joto fiche la kugeuka mvuke kwa moli, ambalo kwa maji kwenye 100 ni jouli 40,660. Weka 373.15 utapata 0.513. Weka 368.5 ya Arusha, ambako L inakaribia jouli 40,850, utapata 0.498. Tofauti ni asilimia tatu. Kwa kipimajoto cha shule haionekani, kwa cha dijitali chenye sehemu ya kumi ya digrii inaanza kunusika.

Fomula hiyo inaeleza pia kwa nini maji ni kiyeyushi kigumu kwa jaribio hili. Molekuli yake ni nyepesi na joto lake fiche ni kubwa, kwa hiyo Kb inakuwa ndogo. Ethanoli ina 1.22, benzeni 2.53, klorofomu 3.63. Kiasi kilekile cha chembe kinachopandisha maji kwa nusu digrii kinapandisha klorofomu kwa zaidi ya tatu na nusu.

Hesabu yenu, hatua kwa hatua

Gramu 100 za chumvi, gawanya kwa 58.44, ni moli 1.711. Lita moja ya maji ya joto la darasani ina gramu 998, basi tuihesabu kilo moja. Molaliti ni 1.711. Kwa i ya 2 na Kb ya 0.512 mnapata 1.752, ambayo ndiyo 1.75 yenu. Kwa Kb ya Arusha: 1.711 × 2 × 0.498 = 1.70.

Bado kuna sahihisho moja. Chumvi huvunjika kuwa ioni mbili, yaani chembe zenye chaji ya umeme, ya sodiamu na ya kloridi. Jambo hilo lilitambuliwa na Svante Arrhenius wa Uswidi mwaka 1887, na vipimo vya aina hii vilikuwa miongoni mwa ushahidi wake: chumvi ilipandisha mchemko karibu mara mbili ya ilivyotarajiwa. Neno "karibu" hapo lina kazi. Ioni zenye chaji kinyume huvutana hata ndani ya maji, kwa hiyo hazifanyi kazi kama chembe mbili zilizo huru kabisa. Katika myeyusho kama wenu i halisi ni 1.92 hivi. Basi 1.711 × 1.92 × 0.498 = 1.64. Jumlisha 95.4, inakuja 97.04.

Kwa hiyo i isichukuliwe kama namba ya kuhesabu tu kwenye fomula ya kemikali. Sukari ni 1, haivunjiki. Kalsiamu kloridi kwa karatasi ni 3, lakini katika myeyusho wa molali 0.1 (moli 0.1 kwa kilo ya maji) inafika 2.6 tu. Magnesiamu salfeti, ile chumvi ya Epsom ya famasi, ndiyo ya kushangaza zaidi: kwa karatasi ni 2, kwa molali 0.1 ni karibu 1.2, kwa sababu ioni zake zina chaji mbili mbili na hushikana kwa nguvu. Mwanafunzi akipewa magnesiamu salfeti na kuambiwa aweke 2, jibu lake litazidi kipimo kwa zaidi ya nusu, na hatajua kosa si lake.

Palipo na makosa ya kila siku

La kwanza ni kilo ya nini. Molaliti inahesabu kilo ya kiyeyushi, si ya myeyusho. Myeyusho wa chumvi wa asilimia 10 kwa uzito una gramu 100 za chumvi na gramu 900 za maji. Gawanya 1.711 kwa 0.900, siyo kwa 1: molaliti ni 1.901, na jibu la vitabuni linakuwa 1.95 badala ya 1.75. Vivyo hivyo, kutia chumvi katika lita moja ya maji si sawa na kutia chumvi kwanza kisha kujaza maji hadi alama ya lita moja. Ukijaza hadi alama umetengeneza molariti, inayohesabu lita za myeyusho, na lita hupanuka kwa joto: maji ya gramu 998 kwa lita darasani huwa gramu 958 kwa lita yakifika 100. Kilo haipanuki. Ndiyo sababu fomula inataka kilo, na ndiyo sababu mzani una thamani kuliko silinda ya kupimia katika kazi hii.

La pili ni kelvini. Kuna wanafunzi wakipata 1.75 wanaongeza 273 kwa mazoea. Tofauti ya digrii 1.75 za selsiasi ni kelvini 1.75 zilezile. Kelvini zinahitajika ndani ya fomula ya Kb tu.

Kisha maji ya fuwele. Kopa salfeti ya buluu ina molekuli tano za maji katika kila kipimo, na masi yake ni 249.7, si 159.6. Unapoiyeyusha, maji hayo matano yanaingia upande wa kiyeyushi na yanapaswa kujumlishwa kwenye kilo za maji. Kwa gramu chache ni kitu kidogo, kwa gramu 200 si kidogo tena.

Chumvi yenyewe nayo iangaliwe. Madini joto yaliyotiwa kwenye chumvi ya mezani ni makumi machache ya miligramu kwa kilo, hayabadilishi chochote. Unyevu unabadilisha. Chumvi iliyokaa wazi msimu wa mvua hubeba maji, ukapima gramu 100 kumbe chumvi ni 96. Ikaushe saa moja au mbili kwenye oveni ya digrii 110, ipoe katika chombo kilichofunikwa, ndipo upime. Chumvi ya mawe kutoka mashamba ya chumvi ya pwani msiitumie kwa kipimo: ina chumvi za magnesiamu, nazo hunyonya unyevu hewani.

Kosa linaloharibu majaribio mengi zaidi, hata hivyo, ni kuacha maji yapotee. Chombo kikiwa wazi na moto mkali, ndani ya dakika chache gramu 150 za maji zimekwenda na mvuke. Chumvi imebaki yote. Molaliti iliyokuwa 1.711 sasa ni 1.711 ÷ 0.850, yaani 2.01, na kipimajoto kinapanda taratibu bila kusimama. Mwanafunzi anasubiri kitulie, hakitulii, mwisho anaandika namba yoyote. Kama mna kondensa, isimamisheni juu ya flaski ili mvuke urudi. Kama hamna, pimeni uzito: chombo kitupu kabla, chombo na myeyusho mara tu baada ya kusoma joto. Toa uzito wa chombo, toa chumvi, kinachobaki ndicho kilo halisi za maji. Tumieni hizo, siyo lita mliyoanza nayo.

Namna ya kulifanya jaribio likubali

Vunjeni chungu cha udongo kisichopakwa rangi, mchukue vipande vitano sita vya ukubwa wa punje ya mahindi, mviweke ndani kabla ya kuwasha moto. Vitundu vyake vidogo ndivyo vinavyozalisha viputo kwa utulivu. Bila hivyo, maji katika flaski safi ya kioo yanaweza kupita mchemko wake kwa digrii moja au mbili yakiwa kimya, kisha yakaruka kwa kishindo. Mkisahau kuviweka, zimeni moto, msubiri myeyusho upoe, ndipo mviweke. Kutupa kigae katika maji yaliyopita mchemko kunayarusha usoni.

Tungi la kipimajoto, yaani ncha yake ya chini inayohisi joto, liwe ndani ya myeyusho, si juu yake. Hili linawashangaza watu: mvuke unaotoka kwenye maji ya chumvi ni wa maji matupu, na ukigandia kwenye kioo cha kipimajoto hutonesha matone ya maji matupu, ambayo yatasoma mchemko wa maji matupu. Mtu anayening'iniza kipimajoto katika mvuke atapata 95.4 hata kama chini kuna robo kilo ya chumvi.

Lakini pia lisizame mno. Sentimita 10 za maji juu ya tungi huongeza presha ya karibu kilopaskali moja, na hiyo peke yake inaweza kusogeza mchemko hapo chini kwa robo digrii. Sehemu ya sita ya kitu chote mnachotafuta! Weka alama kwenye kipimajoto kwa uzi au mpira, na kina kiwe kilekile, sentimita tatu au nne, kwa maji matupu na kwa myeyusho. Lisiguse kitako cha chombo.

Fanyeni vipimo vyote viwili ndani ya saa moja. Katika nchi zetu za ikweta presha ya hewa hupanda na kushuka mara mbili kila siku kwa utaratibu mmoja: juu saa nne asubuhi na saa nne usiku, chini saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Mwendo huo ni sehemu ya tatu hivi ya kilopaskali, sawa na sehemu ya kumi ya digrii kwenye mchemko. Ukipima maji matupu asubuhi na myeyusho baada ya chakula cha mchana, umechanganya chumvi na hali ya hewa.

Na msipime myeyusho mmoja tu. Kipimajoto cha digrii moja moja kinasomwa kwa wasiwasi wa nusu digrii, na mnatoa namba mbili zenye wasiwasi huo. Kwa tofauti ya 1.6, hapo hakuna cha kujivunia. Tafuteni kipimajoto cha dijitali cha sehemu ya kumi ya digrii, mpime maji matupu, kisha gramu 25, 50, 75, 100 na 200 kwa kila kilo ya maji, mchore grafu ya tofauti dhidi ya molaliti. Kwa Arusha tarajieni karibu 0.4, 0.8, 1.2, 1.6, na kwa gramu 200 takriban 3.5. Mteremko wa mstari ndio i × Kb. Nukta moja iliyoharibika itajionyesha yenyewe kwa kutoka nje ya mstari, jambo ambalo kipimo kimoja hakiwezi.

Kutafuta masi ya kitu kisichojulikana

Ndiyo, njia inafanya kazi, na kwa miaka mingi ndiyo iliyowapa wakemia masi za molekuli. Fomula inageuzwa tu. Mfano: gramu 6.00 za unga mweupe katika gramu 80.0 za ethanoli zimepandisha mchemko kwa 0.750. Molaliti ni 0.750 ÷ 1.22 = 0.615. Katika kilo 0.080 za ethanoli kuna moli 0.615 × 0.080 = 0.0492. Gramu 6.00 ÷ 0.0492 ni gramu 122 kwa moli. Hiyo ni masi ya asidi benzoiki.

Tazama sasa unga huohuo ukiyeyushwa katika benzeni. Humo molekuli za asidi benzoiki hushikana mbili mbili, kwa hiyo i inakuwa karibu na 0.5. Ukihesabu kana kwamba ni 1 utapata gramu 244, mara mbili ya ukweli, na hakuna kipimo hata kimoja ulichokosea. Mtihani huwa hausemi hivi: unachokipima ni masi ya chembe inayoogelea katika kiyeyushi hicho, na chembe hiyo inaweza kuwa nusu ya molekuli, molekuli nzima, au jozi. Benzeni yenyewe isiingie darasani, mvuke wake unasababisha saratani. Mfano ubaki ubaoni.

Kwa ethanoli, msitumie moto wazi. Tumieni beseni la maji ya moto na kondensa. Arusha itachemka karibu na 74 badala ya 78.4, na Kb yake itakuwa chini kidogo ya 1.22. Badala ya kuhangaika na sahihisho hilo, tafuteni Kb yenu wenyewe kwanza: yeyusheni kitu mnachokijua masi yake, mpime tofauti, mgawanye kwa molaliti. Kisha leteni kitu kisichojulikana katika chombo hichohicho. Makosa mengi ya chombo yanajikata yenyewe kwa njia hiyo.

Kiyeyushwa chenyewe kisiwe kitu kinachogeuka mvuke kwa urahisi. Spiriti ndani ya maji inashusha mchemko, kwa kuwa nayo inachangia mvuke. Mbolea ya urea inavutia kwa kuwa ni ya bei nafuu na haivunjiki kuwa ioni, lakini ndani ya maji yanayochemka inaanza kuoza polepole na kutoa amonia. Kwa darasa, sukari nyeupe ni salama kuliko zote.

Shira

Mwanafunzi wako kauliza swali zuri. Shira yenye sukari asilimia 60 ina kilo moja na nusu ya sukari kwa kilo ya maji: 1,500 ÷ 342.3 ni molali 4.38, na fomula inatoa 2.24. Kwa kweli, usawa wa bahari, inachemka karibu na 103. Ikifika asilimia 80, ambayo ni kilo nne za sukari kwa kilo moja ya maji, fomula inasema 6, na kipimajoto kinasema 11 au zaidi. Chumvi hufanya vilevile: maji yaliyoshiba chumvi huchemka kwenye 108.7, wakati hesabu ya molali 6.7 inaishia 106.9.

Fomula ni mstari ulionyooka, na ukweli ni mstari unaopinda. Ulinyooshwa kwa kudhani chembe za kiyeyushwa ni chache na haziwagusi majirani. Katika shira nzito kila molekuli ya sukari imeshika molekuli kadhaa za maji, na maji yaliyoshikwa hayahesabiki tena kama kiyeyushi huru. Maji huru yakipungua, molaliti ya kweli ni kubwa kuliko ile ya mzani. Hadi molali 0.5 tumieni fomula bila hofu. Kuanzia molali 1 kwenda juu muihesabu kama makisio, na kwa shira muiache, mtumie majedwali yaliyopimwa.

Upindaji huo ndio unaomfaa mpishi. Kati ya asilimia 60 na 80 mchemko wa shira unaruka digrii nane hivi, kwa hiyo kipimajoto kinamwambia uzito wa shira vizuri kuliko jicho. Ila namba iliyoandikwa na mtu wa pwani lazima ishushwe Arusha. Maelekezo yakisema chemsha hadi 112, maana yake ni 12 juu ya maji matupu. Pimeni maji matupu yenu, 95.4, mwongeze 12: shira itoke jikoni kwenye 107 na nusu hivi. Ukiisubiri Arusha hadi 112 imeshapita, na ikipoa itakuwa nzito kupita ilivyokusudiwa. Na kama kuna ndimu ndani, sehemu ya sukari imegawanyika kuwa glukosi na fruktosi, chembe mbili badala ya moja, basi kwa joto lilelile shira hiyo itakuwa na maji zaidi kidogo kuliko isiyo na ndimu.